Kyela inasubiri madaktari, A zinapikwa kwingine

Mwezi Mei mvua ya Kyela, wilaya ya mkoa wa Mbeya, huwa bado haijatulia. Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo, mito inayoteremka kwa kasi kutoka nyanda za juu, ikifika bondeni hupunguza mwendo na kutanuka, na ipo miaka majaruba ya mpunga hugeuka ziwa kabla mtu hajaliona Ziwa Nyasa lenyewe. Baiskeli za abiria, zilizobeba watu wa Kyela tangu bodaboda hazijulikani, husukumwa badala ya kuendeshwa. Ni mwezi huohuo ambao watahiniwa wa kidato cha sita nchi nzima wanakuwa kwenye mtihani wa taifa, na miongoni mwao wamo wale wa PCB. Fizikia, Kemia na Baiolojia ni tahasusi ambayo mtaani ina tafsiri moja tu: huyu anautaka udaktari.

Mtazame mmoja wao kwenye Kemia ya vitendo. Mezani ana bureti, pipeti, chupa mbili tatu za myeyusho na kichupa kidogo cha kiashiria wanachokiita MO. Mkono wa kushoto uko kwenye koki, wa kulia unazungusha chupa taratibu. Asidi inashuka tone baada ya tone. Njano inabaki njano, inabaki, inabaki, kisha tone moja linaigeuza kuwa chungwa. Likiponyoka la pili, chungwa imekuwa waridi na kipimo kimeharibika, arudie. Anatakiwa ajaze safu ya pailoti, kisha ya kwanza, ya pili na ya tatu, na majibu hayo matatu yakaribiane kiasi cha kumridhisha msahihishaji aliye mbali ambaye hatauona mkono wake kamwe. Mkono uliofanya kazi hii mara arobaini hutulia wenyewe. Mkono uliofanya mara mbili, tena kwa kupokezana bureti moja na wenzake wanane, hutetemeka hata kama kichwa kinajua kila kitu.

Hapo ndipo A inapopatikana au kupotea, na hapo ndipo mjadala wa nani awe daktari nchini unapaswa kuanzia.

Wazazi wengi huchanganywa na hesabu zenyewe, maana ziko mbili. Baraza la Mitihani, NECTA, huipa A pointi 1 na B pointi 2, hivyo mwanafunzi asiyekosea popote huitwa mwenye "wani ya tatu". Vyuo vikuu, chini ya utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, huigeuza hesabu hiyo juu chini: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Wani ya tatu ikifika chuoni inasomeka 15. Kiwango cha chini cha kuomba shahada ya udaktari wa binadamu ni kufaulu masomo yote matatu kwa jumla ya pointi zisizopungua 6, hesabu ambayo D tatu zinaifikisha. Kwa NECTA mwenye D tatu ana divisheni ya pili, tena ya mkiani.

Basi kuna familia inayosoma kitabu cha mwongozo, inaona 6, inashangilia. Ishangilie polepole. Kiwango cha chini ni kama tiketi ya mzunguko uwanjani: inakupitisha getini, haikuhakikishii pa kukaa. Vyuo huwapanga waombaji kuanzia wenye pointi nyingi na kushuka mpaka viti viishe, na katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili viti huisha huku nyuma ikiwa imebaki foleni ya watu wenye wani zao mkononi. Chuo hicho kilianza mwaka 1963 kama shule ya udaktari ya Dar es Salaam, kikiwa peke yake. Leo zipo Bugando ya Mwanza, KCMC ya Moshi, Dodoma, Hubert Kairuki, Ifakara, SUZA ya Zanzibar na, kwa mtu wa mwambao wa Nyasa, ndaki ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyopo Mbeya. Milango imeongezeka. Foleni nayo imeongezeka, na baadhi ya milango ni ya vyuo binafsi ambavyo ada zake mkulima wa Ipinda huzisikia kama bei ya ndege.

Kwa hiyo anayemwambia mtoto wa Kyela kwamba A si lolote anampotosha. A ni kitu. Swali ni inapikwa kwenye jiko lipi.

Mkoa wa Mbeya wenyewe unatoa jibu bila kuulizwa. Jijini ipo St. Francis Girls, shule ambayo mara kadhaa imeshika nafasi za juu kabisa kitaifa katika mtihani wa kidato cha nne. Panda Kosta kutoka Kyela asubuhi, pita Tukuyu kwenye ubaridi wa migomba na chai, na kabla ya saa sita mchana uko jijini humo. Mkoa ni uleule na mtihani ni uleule. Lakini mtoto wa shule ya kata kule bondeni amefika kwenye mtihani huo kwa barabara nyingine kabisa, yenye matope tangu mwanzo.

Kwanza ni lugha. Nyumbani amemwamkia bibi yake kwa Kinyakyusa, "Mughonile," kwa heshima ya wingi anayostahili mtu mzima. Shule ya msingi amesoma kwa Kiswahili, akajua msuguano ni nini na usanisinuru ni nini. Januari ya kidato cha kwanza vitu hivyo vyote vimebadilishwa majina usiku mmoja, mwalimu anavieleza kwa Kiingereza, na mtihani utaviuliza kwa Kiingereza hadi mwisho. Mtoto wa shule ya mchepuo wa Kiingereza wakati huo ana miaka saba akiyatumia majina hayo. Anayesema wote wameanza mbio kwenye mstari mmoja hajautazama mstari.

Pili ni maabara. Novemba 2012 Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, moja kwa kila somo la sayansi, na tarehe ya mwisho ikasogezwa mpaka katikati ya mwaka 2015. Wananchi walichangishwa, kuta zikapanda. Lilikuwa agizo zuri, na ajue atakayetaka kulibeza kwamba kabla yake kulikuwa na shule nyingi ambako Kemia ilisomwa kama hadithi. Lakini kuta hazina kemikali. Bureti huvunjika, myeyusho huisha, fundi wa maabara ni cheo ambacho shule nyingi hazijakiona, na mwalimu wa Fizikia aliyepo mara nyingi ndiye anayefundisha pia Hisabati. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, pale zaidi ya nusu ya watahiniwa walipopata sifuri mpaka Serikali ikaamuru yapangwe upya, yaliwaonyesha Watanzania gharama ya kujenga shule haraka kuliko kuandaa walimu. Mengi yamerekebishwa tangu hapo. Pengo la bureti bado halijazibwa kila mahali.

Tatu, na hapa ndipo palipo pazito, ni tuisheni. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa kuanzia Januari 2016, na ya kidato cha tano na sita mwaka 2022. Zilikuwa hatua kubwa. Lakini A ya PCB haipatikani kwa vipindi vya darasani peke yake, na kila aliye karibu na jambo hili anajua: kuna masomo ya likizo, kuna vitabu vya maswali yaliyopita, kuna kambi za kupiga msuli kabla ya mtihani, kuna mwalimu wa jijini anayelipwa kwa mada. Huku Kyela fedha hiyo inatoka shambani. Inatoka kwenye mchele ambao Dar es Salaam huutaja kwa jina la wilaya, kwenye mawese, kwenye mbasa wa ziwani na hasa kwenye kakao. Mwaka 2024, kakao ilipovuka dola 10,000 kwa tani kwenye soko la dunia, minada ya ushirika wa huku ilichangamka, na si ajabu kama mifuko kadhaa ya kokwa zilizokaushwa juu ya mikeka iliishia kuwa masomo ya Kemia ya mwezi Desemba. Bei ikishuka, somo nalo linakatika. Ndoto ya udaktari ya mtoto wa Kyela imefungwa kwa kamba moja na hali ya mvua nchini Ghana na Ivory Coast, wanakolima kakao nyingi kuliko wote.

NECTA ilipotangaza matokeo ya kidato cha nne mwishoni mwa Januari 2023 iliacha kutaja shule bora na watahiniwa bora kumi, desturi iliyokuwa imezoeleka kama taarifa ya hali ya hewa. Hoja yake kwamba mashindano hayo hayana tija, kwa kuwa shule hazifanani mazingira, ilikuwa ya haki. Ajabu ni kwamba hoja hiyo iliishia kwenye tangazo. Udahili wa vyuo unaendelea kuwapanga watoto haohao kwenye mstari mmoja, kana kwamba mazingira yanayofanya ulinganisho usiwe wa haki mwezi Januari yamepotea ifikapo Agosti.

Sasa mtu atauliza: hata ikiwa hivyo, kuna ubaya gani? Daktari ni daktari, awe wa Masaki au wa Matema.

Jibu liko kwenye wodi. Wilaya hii, iliyohesabiwa watu zaidi ya 220,000 katika sensa ya 2012, iko tambarare, ina joto na maji kila upande. Malaria haipumziki. Wanaovua na wanaofua ufukweni hukutana na kichocho. Matende yaliwahi kuwa mengi hapa kiasi kwamba utafiti uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la Lancet, uliofanywa na watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ya Mbeya pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Munich, ulitumia wakazi wa Kyela kuonyesha kwamba mwenye vimelea vya matende yuko kwenye hatari ya kuambukizwa virusi vya ukimwi zaidi ya mara mbili ya asiye navyo. Dunia ya sayansi ilijifunza jambo kubwa kutokana na damu ya watu wa bondeni. Swali la nani atakayekaa bondeni humo miaka ishirini akiwatibu halikuhitaji maabara ya Munich, na bado halijajibiwa.

Ukifika Matema, mwisho wa barabara inayopita Ipinda, milima ya Livingstone inashuka hadi majini na hospitali ya Walutheri iko hapohapo ufukweni. Siku za soko vyungu vya Wakisi hushushwa kwenye mitumbwi kutoka Ikombe, ng'ambo ya jabali. Mgeni hupaona pazuri. Daktari kijana aliyezaliwa na kusomea jijini naye hupaona pazuri, wiki ya kwanza. Kisha anaanza kuuliza uhamisho unaombwa vipi, na si vyema kumlaumu: ndugu wako mbali, mke au mume ana kazi mjini, na lugha ya wagonjwa wazee haimo katika vitabu vyake. Mtu aliyezaliwa Lusungo au Ngonga haulizi hivyo haraka. Kwake pale ni nyumbani.

Hili halisemwi kwa hisia tu. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitoa mapendekezo ya kuwabakiza watumishi wa afya vijijini, na moja kati ya yaliyowekwa mbele ni kuwadahili wanafunzi waliotoka vijijini. Japani ilikuwa imeanza zamani: Chuo cha Udaktari cha Jichi, kilichoanzishwa 1972, huchukua vijana kutoka kila mkoa, huwasomesha kwa mkopo unaofutwa wakirudi kutumikia mkoa wao, na miaka yenyewe ya utumishi ni kama tisa. Kusini mwa Ufilipino, Zamboanga walifungua chuo cha udaktari mwaka 1994 kwa sababu madaktari wa Manila hawakuwa wakija; wahitimu wengi wa chuo hicho wamebaki kwenye eneo lao.

Tanzania yenyewe ilishajaribu kuuliza zaidi ya alama. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka mhitimu wa sekondari afanye kazi kwanza, kisha aende chuo kikuu akiwa na pendekezo la waliomwona kazini. Lilikuwa na kasoro zake, kwani pendekezo la bosi na la chama ni mlango wa upendeleo, na likaja kulegezwa. Hata hivyo lilikuwa limeuliza swali la maana: huyu tunayemsomesha, watu wanamjuaje?

Mwenye kupinga ana mfano wake, na anaupata bila kwenda mbali. Avuke tu daraja la Songwe pale Kasumulu. Malawi ilirudisha mwaka 2009 utaratibu wa kugawa nafasi za vyuo kwa wilaya. Waliolalamika zaidi walikuwa watu wa kaskazini, Karonga ikiwamo, ndugu wa damu wa Wanyakyusa wa upande huu, kwa sababu watoto wao walikuwa wakifanya vizuri kwenye mitihani na wakaona wameadhibiwa kwa bidii zao. Miaka kumi ya manung'uniko ilipita mpaka serikali ya Lazarus Chakwera, iliyoingia madarakani 2020, ikauondoa. Somo la Karonga ni zito: ukigawa viti kwa ramani ya wilaya, unaweza kumpa kiti mtoto wa tajiri aliyezaliwa wilaya maskini na kumnyima mtoto wa mvuvi aliyepata A.

Ndiyo maana kinachofaa kutazamwa ni shule. A aliyoipata mtoto katika sekondari yenye bureti moja kwa wanafunzi tisa ina uzito ambao A ya shule yenye maabara kamili haina, na B yake pengine inalingana na A ya kule. Chuo kinaweza kutenga sehemu ya viti kwa waombaji waliotoka shule za namna hiyo, wote wakiwa juu ya kiwango kilichowekwa, na Bodi ya Mikopo ikawafutia deni wale watakaotumikia wilaya zisizo na madaktari kwa miaka inayojulikana. Mgonjwa hataki daktari wa kuhurumiwa, na hatampata. Miaka mitano ya chuo na mmoja wa mafunzo kazini humpima kila mmoja kwa mtihani uleule. Asiyeweza ataonekana huko. Ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/23 kwa waliofanya vizuri zaidi katika sayansi kidato cha sita, ni jambo jema, lakini unamtuza aliyekwisha kufika kileleni. Aliye katikati ya mlima hana ufadhili wenye jina.

Kuna njia nyingine ambayo familia nyingi huiona ya waliofeli, na huo ni ujinga wa bei ghali. Aliyemaliza kidato cha nne na kufaulu Kemia, Baiolojia na Fizikia anaweza kusoma stashahada ya utabibu kwa miaka mitatu, na akitoka na wastani wa GPA 3.0 pamoja na alama za kidato cha nne zinazotakiwa anaruhusiwa kuomba udaktari kamili. Atafika chuoni akiwa ameshakesha na wagonjwa. Kwa miongo mingi daraja lililofuata baada ya tabibu lilikuwa daktari msaidizi, na wale ndio waliobeba upasuaji wa wazazi wilayani. Utafiti wa mwaka 2009 katika hospitali za Mwanza na Kigoma uliwakuta wakifanya sehemu kubwa kabisa ya upasuaji huo wa dharura, na matokeo ya wagonjwa wao hayakutofautiana kwa maana na ya madaktari wenye shahada. Wengi wao wasingekaribia Muhimbili kwa pointi za kidato cha sita.

Jirani ya Kyela, Rungwe ya mlimani, imetoa mtu kama Profesa David Mwakyusa, aliyekuwa daktari wa Mwalimu Nyerere na baadaye Waziri wa Afya kuanzia 2006 hadi 2010. Kwa hiyo atakayedai kwamba upande huu hakuna vichwa hana pa kusimama.

Kazi ya kuzitambua shule zinazostahili kutengewa viti si ngumu. Kila mtahiniwa wa shule ana namba, na namba hiyo huanza na S ikifuatwa na tarakimu nne za kituo, yaani shule yake, ndipo ije namba yake mwenyewe na mwaka. Mwombaji wa udaktari huijaza kwenye fomu ya chuo kabla ya jambo lingine lolote. NECTA inajua kituo hicho kilikuwa na watahiniwa wangapi na walifauluje miaka kumi iliyopita. TAMISEMI inajua kina walimu wangapi wa Fizikia na kama maabara yake ina maji. Taarifa zote hizo zimo serikalini tayari, katika ofisi mbili tatu za Dodoma na Dar es Salaam, na kuziweka kwenye jedwali moja ni kazi ya kijana mmoja mwenye kompyuta kati ya Mei, mvua ikiwa bado inanyesha Kyela, na Julai matokeo yanapotoka.